Kurasa za Kufungia Sukari

Kaka yangu,

Huku tu wazima, isipokuwa goti langu na mdomo wa jirani. Hivyo viwili havijui kutulia.

Kitabu chako walichokipiga marufuku hata ukakimbia, kumbe nakala walizokamata hawakuzichoma. Wameziuza kwa kilo, karatasi za kufungia. Nilinunua furushi bila kujua, nikawa nafungia wateja sukari. Basi dukani hapakaliki! Fundi viatu hataki tena karatasi yoyote ile: "Mama, nipe ukurasa unaofuata, juzi uliniacha njiani." Hata askari wa zamu akinunua kiberiti anataka afungiwe. Tangu lini kiberiti kikafungwa?

Mimi sijakisoma. Ulipoondoka nilikuwa na hasira nawe, na bado ninayo.

Anayekisoma ni binti yako. Anaokota kurasa, anazipanga chini ya godoro, anadhani sioni. Ulimwacha anatambaa; sasa amenipita kimo na ana ubishi wako wote. Jana tukifunga duka akaniuliza, "Shangazi, baba alimaanisha haya, au aliandika tu?" Nikamwambia hilo ni la kumuuliza mwenyewe, nitamwandikia.

Basi nimekuandikia. Usinijibu mimi, mjibu yeye, na usikawie kama kawaida yako. Leo mjini wanaandamana. Kitanda chake nimekikuta kimetandikwa, na viatu vyangu vya kutembelea kaondoka navyo.

Ni mimi dadako, uliyemwachia vyote.