Maikrofoni ya Tano

Ukumbini,
Jumapili, tarehe 6 Novemba, saa mbili asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaenda mstari wa pili, mkaribishe ndani huyo mzee aliyekuletea barua hii, umpe kiti na maji ya kunywa. Najua humfahamu. Nitakuambia ni nani nikifika huko chini, na nakuomba usianze kusoma kutoka mwisho kama ulivyokuwa ukinifanyia kwenye vitabu vyangu vya hadithi.

Shemeji hajambo? Goti lake limeacha kumsumbua? Na kitindamimba wenu, yale meno mawili ya mbele yameota, au bado anasoma kwa miluzi? Nataka pia kujua kama hiyo wodi ya watoto imeongezewa wauguzi, au bado unaunganisha zamu mbili halafu unaniambia hujachoka. Mimi ni mzima. Kikohozi kiliniacha tarehe 12 mwezi uliopita. Nimetazama kwenye daftari. Cheka tu. Wewe ndiye uliyenibandika jina la Karani nikiwa darasa la tano, na leo nina miaka thelathini na mitatu, bado naandika kila siku kimetokea nini, saa ngapi, na nani kasema nini.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ningekueleza habari za kikohozi, basi, tukaagana.

Kazi yangu unaijua: natunza ukumbi huu unaotazamana na lango la chuo. Katikati ya wiki ni mitihani na mikutano, lakini Jumamosi ni ya muziki. Bendi zinazozunguka vyuoni hufika asubuhi, hufunga vyombo, huanza kupiga saa tisa alasiri, na ikigonga saa kumi na mbili nafunga mlango, maana mkuu wa chuo hataki kusikia spika wanafunzi wakijisomea. Mpaka jana nilikuwa nimepokea bendi arobaini na moja. Kila moja hunitumia mapema mchoro wa jukwaa, yaani karatasi inayoonyesha ngoma zikae wapi, spika zielekee wapi, na maikrofoni ni ngapi na za nani.

Alhamisi, tarehe 3, nilipokea mchoro wa bendi ya watu wazima ambayo sikuwahi kuisikia. Wanamuziki wanne: wa gitaa, wa besi, wa kinanda na wa ngoma. Maikrofoni tano. Nne zilikuwa na maelezo. Ya tano ilichorwa upande wa kulia, hatua moja nyuma ya gitaa, bila neno lolote. Nilihesabu mara tatu. Nikasema huyu mchoraji amepitiwa. Basi nikachukua kalamu nyekundu, nikaikata hiyo ya tano, nikaandika pembeni kwamba ni kosa, watu ni wanne. Jumamosi asubuhi nikapanga maikrofoni nne, nikasimama nyuma ya ukumbi nikijisifu.

Walifika saa nne kasoro kumi kwa basi dogo la kijani. Kiongozi wao ni mama wa makamo, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi, na wote wanamwita Mama Gitaa. Alipanda jukwaani, akatazama kulia, akasimama. Aliuliza, bila kupandisha sauti, nani ameondoa maikrofoni ya tano. Nilimwonyesha mchoro wenye wino wangu mwekundu. Aliusoma wote, kisha akaniuliza kwa upole kama huwa nasahihisha na nyimbo pia, au ni michoro tu. Wenzake waliangua kicheko. Niliirudisha haraka, masikio yakiwaka moto.

Lakini unanijua, dada. Jambo nisilolielewa hunikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilimfuata mpiga kinanda nikamuuliza ile maikrofoni ni ya nani. Akasema ni ya marehemu shangazi yake, nisiisogelee. Mpiga ngoma akasema nisimsikilize huyo, hana hata shangazi. Ile ni ya kukaushia taulo. Wa besi aliniambia nitulie, nitaona kwenye wimbo wa mwisho.

Jambo la pili lililonisumbua ni dereva wao. Ni mzee wa miaka sitini hivi, amevaa kofia ya sufu juani, na jina lake kwenye bendi ni Posta. Mtu akitaka waya hutania kwamba Posta asitumwe, maana utafika mwaka kesho. Wa besi alimkabidhi chupa ya maji ampelekee Mama Gitaa, kisha akamnyang'anya, akasema afadhali aipeleke mwenyewe, mama wa watu asije akafa kwa kiu. Kila mtu alicheka, na mzee naye alicheka, ila niliona anacheka kwa mdomo tu. Nilipomuuliza jina hilo lilitoka wapi, alinijibu ni mambo ya kale, akaniomba nimshikie ncha ya waya.

Saa nane na nusu ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Wanafunzi walikaa hadi madirishani. Bendi ilipiga nyimbo kumi na moja, nami nilikuwa kwenye mitambo nikipandisha na kushusha sauti. Ilipofika saa kumi na moja na dakika ishirini, Mama Gitaa alisema uliobaki ni wimbo wa watu wawili, lakini mtu wa pili hayupo, kwa hiyo kila chuo wanapopita humwomba mwanafunzi mmoja apande ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Kumbe ndiyo kazi ya maikrofoni ya tano.

Vurugu iliyotokea usiombe. Kundi la uhandisi lilimsukuma mwenzao mrefu. Aliimba mistari miwili, wakampigia kelele ashuke arudi maktaba kabla paa halijadondoka. Kisha akapanda msichana mfupi wa mwaka wa kwanza, viatu mkononi, na huyo aliimba vizuri mpaka wale wa madirishani wakanyamaza. Mimi sikumsikia vizuri, dada. Nilikuwa nimeusikia mwanzo wa wimbo. Mama Gitaa aliimba hivi:

Nifungulie dirisha, nisikie mji ukiamka.

Mstari huo niliusikia mara elfu, wewe ukipiga pasi sare zako za uuguzi chumbani kwetu, mwaka wako wa mwisho chuoni. Na wewe ulikuwa ukiimba na lile jibu ambalo hakuna mtu ukumbini jana aliyelijua, isipokuwa mimi.

Watu walipotoka nilibaki na Posta tukikunja nyaya. Nilimuuliza tena, na safari hii alinieleza, macho yake yakiwa kwenye waya. Alisema miaka kumi na tisa iliyopita walipata chuoni binti mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi, mwenye sauti ya pili ambayo hawajaipata tena. Aliutunga wimbo ule pamoja na Mama Gitaa. Wakafanya naye mazoezi mara tatu, na akakubali kuzunguka nao miezi mitatu baada ya mitihani yake. Walipanga kuondoka Jumapili. Ukumbi wa kwanza ukabadilisha siku, ikabidi waondoke Jumamosi, na Posta akatumwa Ijumaa apeleke ujumbe nyumbani kwao binti. Jumamosi walisubiri langoni kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa. Yeye alitaka kwenda nyumbani kumwangalia, lakini Mama Gitaa alikataa, akasema mtu mzima haburutwi. Baadaye wakaanza kunong'ona kwamba Posta alipitia kilabuni Ijumaa ile akaipoteza karatasi. Ndipo alipopata jina. Alisema ameapa mpaka amechoka. Karatasi alimkabidhi mtoto wa kiume mlangoni, mwembamba, kalamu sikioni, aliyemwambia atampa dada yake akirudi.

Kisha akainua macho, na akaitazama kalamu iliyokuwa sikioni kwangu.

Dada, kaa chini. Mtoto yule ni mimi.

Nilitoa daftari la mwaka ule nikalisoma tena, nisije nikajipamba. Limeandikwa hivi tu: "Ijumaa, tarehe 8 Agosti. Saa kumi na nusu jioni dereva ameleta karatasi ya dada. Sijampa." Sababu sikuandika, mimi ninayeandika hata idadi ya mayai, kwa hiyo nakuandikia leo. Mama alikuwa ametutoka miaka miwili kabla. Baba alikuwa barabarani na lori lake, tukimwona mara moja kwa mwezi. Nyumba ilikuwa mimi na wewe. Ulikuwa umeniambia jirani atanipikia kwa miezi mitatu, na mimi sikutaka kupikiwa na jirani. Nilidhani gari likiondoka bila wewe, utasikitika siku mbili, halafu tutaendelea kama kawaida.

Jumapili uliamka alfajiri ukaenda langoni na sanduku lako la kahawia. Ulirudi saa nane mchana. Uliniambia bila shaka wameona sauti yako haitoshi, wakaona haya kukuambia usoni. Ningeweza kusema pale pale. Ulikuwa umesimama mlangoni, sanduku bado mkononi, na karatasi ilikuwa chini ya godoro langu, hatua nne kutoka miguuni pako. Niliuliza tutakula nini.

Tangu siku ile hujaimba. Nilisubiri. Nilikuwa nikiandika: leo amepiga pasi, hakuimba. Niliandika hivyo hadi Desemba, nikaacha kwa sababu nilishindwa kuendelea kuona maneno hayo. Hata watoto wako umewabembeleza kwa kuwapigapiga mgongoni, kimya, na shemeji aliwahi kuniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba sijui.

Nilimwambia Posta yote hayo pale kwenye nyaya. Hakunipiga, ingawa nilikuwa tayari. Alimalizia kuukunja waya, akaufunga, akakaa juu ya spika. Akauliza kama karatasi bado ipo. Nilikwenda chumbani kwangu nyuma ya ukumbi nikamletea. Aliigeuza, akanionyesha alama ya grisi ya kidole gumba, akaweka kidole chake juu yake. Halafu akanishika mkono, akanipeleka mbele ya wenzake wote, akaniambia niseme tena, kwa sauti ya maikrofoni.

Nilisema. Mama Gitaa alivua miwani. Alimgeukia Posta, akamwomba radhi. Mzee akamjibu kwamba radhi yenyewe imechelewa kuliko barua zake, na wa besi akacheka huku akifuta macho. Ndipo Mama Gitaa akaniuliza mambo mawili: unaishi wapi, na jibu la wimbo ni lipi, kwa sababu hukuwahi kumwandikia, ulikuwa ukiliimba kutoka kichwani, naye amebaki na kipande kimoja tu.

Nilikataa yote mawili. Nilimwambia niliwahi kukuamulia mara moja, sitakuamulia tena. Maneno ninayo kwenye daftari, lakini ni yako. Na mahali unapokaa nilimwambia Posta peke yake, baada ya kuniapia kwamba hata Mama Gitaa hatamwambia mpaka wewe mwenyewe uruhusu. Maana aliomba kazi ya kukuletea barua hii kabla sijafikiria kutuma kwa njia nyingine. Alisema anaondoka leo saa sita mchana, na kwamba safari hii hampi mtu yeyote mlangoni, hata awe shemeji, hata awe askari.

Kwa hiyo huyo uliyemkaribisha maji ndiye Posta. Karatasi yako imo ndani ya bahasha, imekunjwa mara mbili kama nilivyoipokea. Inasema: "Tunaondoka kesho Jumamosi saa sita mchana, si Jumapili. Gari litakusubiri langoni. Usisahau sauti yako." Sauti yako ilitosha, dada. Ilitosha tangu mwanzo, na walisubiri saa tatu nzima juani.

Jumatano hii, tarehe 9, saa tisa alasiri, watapiga katika chuo cha ualimu kilicho karibu nanyi. Mchoro wa jukwaa ni ule ule. Nimeuchora upya kwa mkono wangu, bila wino mwekundu. Maikrofoni ya tano itakuwa kulia, hatua moja nyuma ya gitaa. Ukipanda, ni yako. Usipopanda, atapanda mwanafunzi, watamshangilia au watamzomea, na hakuna atakayekutafuta wala kukulaumu. Hata ukiamua kutokuja kwa sababu hutaki kuniona, mimi sitakuwepo. Jumatano nina mtihani wa wanafunzi mia mbili na viti vya kupanga.

Sikuombi unisamehe kwa barua moja. Nimekaa na siri hii miaka kumi na tisa, nawe kaa nayo kadiri unavyotaka. Ukitaka kunigombeza, simu yangu iko wazi, na nitasikiliza mpaka mwisho.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, umwambie kitindamimba namwekea penseli mpya ya rangi mbili. Jirani aliyekuwa anipikie anakusalimu. Bado yupo, na kumbe anapika vizuri sana.

Ni mimi, mdogo wako,
Karani

Nimekumbuka: Posta anaomba uandike nyuma ya bahasha saa uliyoipokea, utie na sahihi. Anataka kwenda kumwonyesha Mama Gitaa.