Kukanyaga Bila Kuhama

Goma, Himbi
Mwezi wa sita

Papa yangu mupendwa Habarurema,

Ninakusalimu kwa heshima ya mutoto kwa muzazi wake, nikitumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mama na wadogo zangu wote hapo Kalengera. Goti lako limepoa? Mama aliniambia kwamba baridi ya asubuhi inakusumbua unapotoka kukamua. Na yule ng'ombe mwenye baka shingoni, alizaa vizuri? Sisi huku tuko. Mama mukubwa Athanasie anakusalimu sana. Anaendelea na farmasi yake, na kila mvua ikinyesha anasema nyumba ya mbao haimufai tena mutu wa umri wake, lakini kuhama hataki. Mimi mwili wangu ni muzima.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu iko. Papa, kwa simu ungenikatiza, au mimi ningelia, au reseau ingekatika katikati ya neno ukabaki na nusu. Nimeona bora niandike. Barua nitamupa dereva Baharanyi, yule anayeshusha makala ya kupikia hapa mutaani kwetu, akuletee mukononi. Nitakueleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, ili uyasikie jinsi yalivyonipata mimi.

Unakumbuka nilikuja Goma kwa kumusaidia mama mukubwa tu. Kazi ya uwanja wa gofu, kule kando ya ziwa, niliipata kwa njia ya rafiki yako Havugimana, ambaye mulichunga naye ng'ombe kwenye milima ya Masisi mukiwa wavulana. Yeye ndiye mwalimu wa ule muchezo. Aliniweka mulangoni kupokea wageni na kuwakodishia fimbo. Siku moja wageni walichelewa, akanipa fimbo, akanionyesha namna ya kusimama, nikapiga. Mupira ulipita juu ya mikaratusi ukaangukia kwenye mawe meusi ya volkano, mahali ambapo hata wanaume wa pale walikuwa hawafikishi. Havugimana aliutazama mpaka ulipoangukia. Halafu akacheka, akaniuliza mikono hiyo niliitoa wapi. Nikamwambia ni ya kulima maharage na kubeba maji. Jioni alikupigia simu mbele yangu, na nilisikia sauti yako ikisema, "Huyo ninakuachia wewe. Mulee kama wako."

Tulikuwa wasichana wawili aliotufundisha. Mwingine ni Vanessa, yule binti wa mutaa wa Katindo niliyekutumia picha yake. Tulipendana kama watu wa tumbo moja. Mazoezi yakiisha tulikaa kwenye mawe kando ya maji tukila sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa, na viatu vyangu vikianza kuteleza alinivua akanipa vyake. Mimi nilikuwa ninapiga mbali kuliko yeye. Yeye mwenyewe alisema hivyo kwa watu, bila wivu.

Kisha ikaja habari ya Lubumbashi. Watu wa muchezo huu wa kule walisema watachagua musichana mumoja kutoka huku kwetu, aende asome na afanye mazoezi kwenye uwanja wao mukubwa. Havugimana alisema mbele ya wafanyakazi wote, "Kama si Munezero, basi hakuna." Muchana ule ule nilikupigia. Uliniuliza Lubumbashi ni mbali kiasi gani, nikakujibu watu wanaenda kwa ndege. Ukasema, "Ni vizuri, mutoto wangu. Kaza." Nilirukaruka barabarani mpaka watu wa motari, wale wa pikipiki, wakanicheka.

Wiki iliyofuata mafundisho yaligeuka. Havugimana aliniambia kwamba kupiga kwangu ni kwa kubahatisha, sasa lazima nijifunze kuhamisha uzito. Fimbo ikipanda, mwili wote uende ukae juu ya muguu wa kulia, kichwa, mabega na tumbo, kama mutu anayehamisha gunia. Fimbo ikishuka, mwili wote urudi kushoto. Nilitii. Na mupira ukaacha kunitii. Mara fimbo ilichimba udongo kabla ya kuufikia mupira, mara iliukwaruza juu ukakimbia chini chini kama panya. Kila nilipokosa alisema jambo lile lile, "Bado hujahama. Hama zaidi." Nilikuwa ninarudi nyumbani ninaendelea, kwenye mchanga mweusi wa palseli, kiwanja cha nyumba yetu, nikienda kulia na kurudi kushoto mpaka mugongo ukauma na mama mukubwa akatoka mulangoni kuniuliza kwa nini ninayumba kama mulevi. Nilimwambia hivyo ndivyo inavyofundishwa. Akaguna, akarudi ndani.

Siku ya kuchaguliwa ulinipigia asubuhi. Uliniombea kwa Kinyarwanda, polepole, ukamwambia Mungu aitie nguvu mikono yangu. Nilikwenda uwanjani nikiwa na maneno yako kifuani. Papa, sitaki kueleza sana nilivyopiga. Nilichimba ardhi mbele ya wageni wa Lubumbashi kama mutu anayelima. Mumoja wao alitazama pembeni kwa huruma, na hilo liliniuma kuliko kama angecheka. Vanessa alisimama pale pale alipowekwa, ametulia, na mipira yake ikaenda moja kwa moja. Wakamuchagua yeye. Nilimukumbatia, kisha nikaenda kulia nyuma ya stoo ya fimbo. Jioni ukaniambia kwa simu, "Mungu hakutaka. Rudi nyumbani, tutakutafutia kitu kingine." Na mimi nikakushukuru. Nilikushukuru, Papa.

Lakini kitu kilikataa kutulia ndani yangu. Pale farmasi kulikuwa na mizani ya kupimia watu, na mama mukubwa alikuwa amenunua nyingine mupya. Aliniambia niangalie kama zinakubaliana. Nilipomaliza nikaziweka chini sambamba, nikakanyaga kila moja kwa muguu wake, nikashika ufagio kama fimbo. Kwanza nikafanya kama nilivyofundishwa. Mushale wa kulia ulipanda taratibu, ukifuata mwili wangu nyuma nyuma. Kisha nikakaza macho kwenye chupa moja ya dawa ya kikohozi, kichwa nisikitikise, nikausukuma muguu wa kulia chini huku kiuno kikizunguka palepale. Mushale uliruka mara moja. Kabla mabega hayajarudi nikakanyaga kwa muguu wa kushoto, na mushale wa kushoto nao ukaruka, hata kabla mwili haujafika upande ule. Chupa ilikuwa bado mbele ya macho yangu. Nilirudia, na kila mara ilikuwa vile vile. Papa, ni pale nilipoelewa kwamba kukanyaga ni jambo lake na kuhama ni jambo lingine. Nguvu ya muchezo ule inatoka kwenye muguu unaoisukuma ardhi, na mwili hauna haja ya kusafiri. Na siku ile ya kwanza, kabla ya kufundishwa kuhama, ndivyo nilivyokuwa nimepiga.

Nilifurahi, sitakudanganya. Nilidhani Havugimana alikosea tu, mafundisho ni mengi, mutu anaweza kuchanganya. Nikakimbia kwa Vanessa kumupelekea habari, kwa sababu alikuwa bado hajasafiri na nilitaka imusaidie huko aendako. Nilimukuta anakunja nguo. Nikamuonyesha palepale kati ya masanduku, nikamuambia akanyage hivi, asihame. Hakushangaa. Aliendelea kukunja shati lile lile, akalikunjua, akalikunja tena. Mwishowe akasema, "Munezero, mimi kocha alinifundisha hivyo tangu zamani. Alinikataza nisikuambie." Nikamuuliza kwa nini alikubali. Akasema, "Nilitaka kwenda." Yeye ndiye aliyelia, mimi machozi hayakuja. Niliondoka bila kumuaga, na siku ya ndege yake sikumusindikiza.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja uwanjani. Havugimana alikuwa anafuta fimbo kwa kitambaa. Nilimuuliza, "Papa Havugimana, nilikukosea nini?" Akaanza kusema kwamba kila mwili una njia yake, kwamba alichonifundisha kilikuwa cha mutu mwenye nguvu kama mimi. Nikamuwekea mupira chini nikamuomba apige yeye mwenyewe vile alivyonifundisha, akihama mwili mzima, nimutazame. Alichukua fimbo, akasimama, akatazama ziwa. Hakupiga. Akairudisha fimbo kwenye mufuko, akaketi juu ya ndoo, na nikaona kwamba amezeeka. Akasema, "Hukunikosea kitu. Muulize baba yako."

Nilimwambia sielewi, akanieleza. Kwamba ile siku niliyokupa habari ya Lubumbashi, ukiisha kuniambia nikaze, ulimupigia yeye. Ulimwambia habari za Modeste, kaka yangu, jinsi ulivyomubariki aende Kinshasa kucheza mupira wa miguu, na jinsi namba yake ilivyoacha kupita. Ulimwambia hutaki kupoteza mutoto wa pili. Havugimana alikushauri unikataze wewe mwenyewe kama hutaki niende. Ukamujibu, "Nikimukataza atanichukia. Fanya ashindwe mwenyewe." Alikataa. Ndipo ukamukumbusha ni nyumba ya nani iliyomuficha mama yake wakati wa vita. Baada ya hapo hakukataa tena.

Niliposikia, nilibisha. Nilimuita muongo, mutu muzima, rika lako. Hakukasirika. Alinirudishia maneno mengine uliyomwambia, maneno ambayo nyumbani unayasema wewe peke yako na ambayo yeye asingeweza kuyabuni, na nikaacha kubisha.

Kumbe asubuhi ile ulipokuwa unamuomba Mungu aitie nguvu mikono yangu, wewe ulikuwa umeshaifunga. Ninatafuta namna ya kulielewa hilo na sipati. Ulinisikia kwa simu nikilalamika mugongo, ukaniambia nijipake mafuta ya moto. Ulinisikia nikisema mimi ni mujinga, akili yangu haishiki, ukanyamaza. Ungeniambia hapana, ningelia. Ningekasirika, pengine mwezi muzima usingesikia sauti yangu. Halafu pengine ningetii, maana tangu nizaliwe sijakuvunjia neno. Lakini ulinifanya niuchukie mwili wangu mwenyewe. Wiki zote zile nilikuwa ninailaumu miguu yangu, na miguu haikuwa na kosa.

Najua Modeste alikuumiza. Nilikuwa ninakuona unavyoiweka simu karibu na sahani wakati wa kula. Nilikuonea huruma, na hata leo ninakuonea. Ila mimi si yeye. Mimi nilikuwa ninakupigia kila Jumapili, hata ile siku muji mzima ulikuwa hauna umeme nilitembea mpaka Birere kutafuta mahali pa kuchaji simu, ili usikae na wasiwasi.

Sijui kama mama anajua. Kama hajui, usimusomee karatasi hii. Mwambie wewe mwenyewe, kwa maneno yako.

Kazi ya uwanjani sijaiacha, ila Havugimana hanifundishi tena. Tunasalimiana, basi. Asubuhi kabla wageni hawajafika ninapiga peke yangu, na mupira umeanza kurudi kwenye njia yake. Watu wa Lubumbashi watachagua tena musimu wa kiangazi ujao, na nimekwisha kuandikisha jina langu. Ninakuambia mapema, mimi mwenyewe, ili usiipate habari hii kwa mutu mwingine. Maharage yakiiva nitakuja Kalengera. Nitakaa mbele yako. Ukitaka kunikataza, unikataze mimi, uso kwa uso, usiende kuiharibu fimbo yangu nyuma ya mugongo wangu. Nitakusikiliza mpaka umalize. Nitakachokujibu bado sikijui.

Nisalimie mama, mwambie sweta aliyonitumia ilifika na inanitosha vizuri mabegani. Nisalimie wadogo zangu mumoja mumoja kwa majina, na watu wa kanisa. Mama mukubwa anasema ujitunze goti, usikae kwenye majani yenye umande. Yeye hajui nimeandika nini humu.

Baharanyi atalala hapo Kalengera kabla ya kurudi huku. Nijibu kwa mukono wako, umupe yeye. Hata kama jibu ni hapana tupu, liandike, Papa. Nitafurahi kuliona limeandikwa na wewe.

Ni mimi binti yako,
Munezero