Pengine Itawezekana

Tokyo, 20 Mei 1976

Mama mupenzi,

Jambo sana. Miye niko muzima, stage yangu ya kujifunza kazi inaendelea. Mugongo yako iko namna gani?

Ile kazi ulinituma nimefanya. Nilienda kwa Hirose, ule ingénieur Mujapani aliyetumika kwetu ku mukoti, kwenye kuchimba shaba, akazaa na dada Léonie. Alinipa chai. Nilimuonyesha foto ya Annie, mutoto wao, nikamuomba amuandike kwa jina lake, vile aliahidi. Akasema: "Dekiru ka mo shiremasen." Pengine itawezekana. Kijapani yangu ingali kidogo, lakini ile nilisikia muzuri.

Mutoto wako, Chola

Ruashi, Lubumbashi, 2 Agosti 1976

Chola mwanangu,

Nakusalimia. Mugongo ingali inauma, lakini barua yako ilinichekesha. Tulimusuka Annie, tukamununulia nguo mupya, robe ya kupendeza, tukamupeleka kwa mupiga-foto ya passeport. Bale banamuke balikuwa banamucheka Léonie ku robinet ya maji juu ya mutoto bila baba, sasa njo bao banamusalimia kwanza. Tuambie siku Annie atapanda ndege.

Mama yako

Tokyo, 15 Novemba 1976

Mama mupenzi,

Jambo. Natumaini mugongo imepoa kidogo.

Usiambie bantu kitu tena. Mwalimu wetu wa Kijapani amenieleza: hapa muntu hakatalie mwenzake usoni. Anabadilisha mwisho wa neno, "nitafanya" inakuwa "pengine itawezekana", na wewe unaenda kwako bila haya. Nilirudia kwa Hirose. Sasa alisema ingine, ya heshima kupita zote: "Itashikanemasu." Kufanya vile, nashindwa. Akainama sana. Bibi yake wa ndoa alikuwa jikoni. Unisamehe, mama.

Mutoto wako, Chola

Ruashi, 10 Januari 1977

Chola,

Uko muzima? Siye tuko. Léonie hatoke tena. Ku robinet naenda miye, na mugongo hii.

Heshima gani ya kudanganya mutoto? Kwetu muntu anasema "siwezi", unalia, inaisha. Stage yako inaisha mwezi wa nne. Rudia kwetu, Annie apate hata mujomba wa kumushika mukono siku ya kuanza masomo. Niambie kitu kimoja tu: unarudia ao haurudie?

Mama yako

Tokyo, 30 Aprili 1977

Mama mupenzi,

Jambo sana. Natumaini muko bazima bote. Kazi imekuwa mingi, na bakubwa ba hapa bananipenda. Juu ya kurudia, pengine itawezekana. Munisalimie Annie.

Mutoto wako, Chola

Ruashi, 4 Juni 1977

Chola,

Jambo. Siye tuko bazima.

Annie aliuliza kama mujomba atakuja. Léonie akaniangalia. Nikamuambia mutoto: hapana, hatakuja. Alilia, akamaliza, akaenda kucheza na benzake.

Kijapani yako nimesikia, mwanangu. Ni weye njo ulinifundisha. Safari hii hatukununua robe.

Mama yako