Kioo Chekundu Kwenye Nguzo ya Baraza

Katubuka, Kigoma.
Jumapili, 31 Mei.

Mpendwa Wema,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, rafiki yako Brigita. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Songea umeshaizoea. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama huko bwenini mnapewa dagaa, na kama ni dagaa wa kweli au wale wa ziwa jingine ambao yeye hawahesabu. Wiki hii anashinda nyumbani kwa sababu ni mbalamwezi. Dagaa hawafuati taa, mitumbwi haiendi ziwani, na sokoni Kibirizi hakuna cha kununua wala cha kuuza. Mdogo wangu Nathaniel ameota meno ya mbele na sasa anaweza kupiga mluzi, jambo ambalo halijatufurahisha.

Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza niliituma Februari, ya pili baada ya Pasaka. Sikulaumu. Huenda zimepotea njiani, au masomo yamekubana. Nakuandikia tena kwa sababu tangu baba yako ahamishwe yametokea mambo, na sina mtu mwingine wa kumweleza.

Mwezi wa tatu Mwalimu Oswald alinipa zamu ya kuzungumza mbele ya klabu ya sayansi. Unajua nilivyo mbele za watu. Nilitaka kukataa, lakini aliposema mada nichague mwenyewe, nikachagua ile tuliyoisoma pamoja maktaba, ya vioo vya mwezini. Niliwaeleza kwamba wale watu wa kwanza kutembea mwezini waliacha huko kioo kilichoundwa na vipande vingi, na kwamba hadi leo wataalamu wanakielekezea leza kupitia darubini kubwa. Mwanga huo huenda na kurudi kwa sekunde mbili na nusu hivi, na kwa kuupima wanajua mwezi uko umbali gani. Niliwaambia leza huondoka nyembamba, lakini ikifika kule imeshatanuka kilomita kadhaa, kwa hiyo karibu yote hupotea. Wanatuma chembe za mwanga zisizohesabika, na pengine hurudi moja tu. Wakati mwingine hairudi hata hiyo. Niliwaambia pia kwamba ndivyo ilivyojulikana kuwa mwezi unatuacha polepole, kwa mwendo wa kucha zinavyoota. Walinisikiliza vizuri, Wema. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Tatizo lilikuja kwenye jaribio. Tulifunika madirisha kwa magunia, nikaning'iniza ukuta wa nyuma kile kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli ya Nathaniel, nikasimama mbele na tochi karibu na jicho, kama tulivyokuwa tukifanya wewe na mimi. Kikawaka kama kaa la moto. Nikawaambia wageuke watazame. Wakageuka wote. Kisha Martini, yule yule Martini, akauliza kama leza imefika mwezini ikasahau njia ya kurudi. Recho, ambaye hana ubaya, akasema kwa upole kwamba yeye anaona kioo tu, tena chenye vumbi. Mimi nikazidi kusema kinawaka, mbona kinawaka, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyocheka. Mmoja akasema nipelekwe hospitali nikapimwe macho. Nikaenda kukaa kabla sijamaliza.

Mwalimu Oswald hakucheka. Alikwenda mpaka pale nilipokuwa nimesimama, akaweka tochi karibu na jicho lake, akatazama muda mrefu. Akawaambia kwamba kioo cha namna hii hurudisha mwanga kule kule ulikotoka, na aliyekaa pembeni hapati kitu. Lakini kengele ilikuwa imeshalia na nusu ya darasa ilikuwa nje.

Wema, hilo mimi nilikuwa silijui. Miaka miwili tumelichezea jambo hili, na sikuwahi kujua kwamba wengine hawaoni, kwa sababu kila nilipowasha tochi wewe ulikuwa umeweka kidevu chako begani kwangu.

Sasa nikueleze lile ambalo nimelizunguka tangu nilipoanza. Unakumbuka kioo cha baiskeli ulichokigongomelea kwenye nguzo ya baraza yenu, tupime kama mwanga utavuka korongo lililo kati ya kwetu na kwenu? Mlipohama mlikiacha. Na mimi sikuacha. Kila jioni nikimaliza kuosha vyombo nilikwenda nyuma ya jiko, nikaelekeza tochi kwenu mara tatu, na mara tatu kikanijibu, chekundu. Najua ni kioo. Najua hata mwezini hakuna mtu. Lakini nikishaona kile chekundu niliweza kuingia ndani na kulala.

Wiki iliyopita kikaacha kujibu. Nikabadilisha betri. Kesho yake vile vile. Siku iliyofuata, jua halijazama vizuri, akaja Mzee Gervasi, mstaafu wa reli aliyepanga nyumba yenu, ameongozana na balozi wetu wa nyumba kumi, na kioo kiko mkononi mwake. Alimwambia Mama kwamba katika nyumba hii kuna mtu anawasiliana na wezi kwa tochi, na kwamba ameikuta alama yao kwenye nguzo yake. Mama akamtazama Nathaniel, na Nathaniel akaanza kulia ingawa hajafanya lolote. Ndipo nikasema ni mimi.

Mzee Gervasi aliniuliza nilikuwa namwita nani. Nikasema Wema. Akauliza Wema yupi, nikasema aliyekuwa akikaa kwako. Akauliza kama sikuambiwa kwamba mmehama. Nikasema nimeambiwa. Hapo hata balozi, ambaye alikuja na maneno mengi, akatazama viatu vyake.

Kisha mzee akasema, haya, nionyeshe. Nathaniel akakishika kioo kule kwenye mpera, mimi nikawasha tochi, na Mzee Gervasi akainama mpaka kidevu chake kikawa karibu na bega langu. Alinuka tumbaku. Akapiga kelele, “Lo! Kumbe kinanijia mimi!” Akacheka mpaka akakohoa. Akamwita balozi naye akainama, kisha Mama. Mama alikaa pale kuliko wote, lakini nadhani hakuwa akitazama kioo. Aliniuliza kwa sauti ndogo nimekuwa nikifanya hivi tangu lini. Nikasema tangu Januari. Siku hizi kila nikirudi shule ananiuliza nimekaa na nani wakati wa mapumziko. Namjibu, na wenzangu. Sijui kama ananiamini.

Mzee Gervasi aliahidi kukigongomelea tena pale pale, akasema hata yeye angependa kuitwa jioni. Nilimshukuru, nikakataa. Nikamwomba anipe mimi.

Ndicho hicho ulichokikuta kimefungwa kwenye karatasi. Kina matundu mawili ya misumari yako. Wale wa darubini hawadai mwanga wote urudi. Ikirudi chembe moja, inawatosha. Basi kama huna nafasi ya kuandika, au huna la kuniambia, usijilazimishe. Kitie kioo ndani ya bahasha niliyoiweka humu, stempu nimeshabandika, ukirudishe hivyo hivyo bila neno. Nitajua uko wapi.

Wasalimie baba na mama ukiwaona likizo. Mwambie mama yako mchaichai alioupanda bado upo, Mzee Gervasi anaumwagilia. Kula vizuri, na usiku ujifunike.

Ni mimi rafiki yako,
Brigita