Sukari ya Wageni

Mama,

Niliolewa. Siku walipokuja kuniposa ndiyo siku uliyokufa, kwa hiyo hukujua kama mazungumzo yalifika mwisho. Yalifika. Kaburi lako halijakauka, wazee wakakaa tena hapo nyumbani Burat, wakaendelea pale walipoachia. Baba alisema ni aibu kurudisha wageni mara mbili.

Nina hasira, Mama. Nimenyamaza nayo miaka hii yote na haijapungua.

Tangu ugonjwa wa sukari ukushike, ulifanya kila ulichoambiwa. Sindano ya kioo uliichemsha mwenyewe kwenye sufuria ndogo. Chupa ya dawa uliifukia kwenye mchanga uliolowa kando ya mtungi, kwa sababu ya joto letu la Isiolo. Daktari alisema utembee jioni. Ukatembea, na majirani wakaanza: "Mama Akiru anaenda kwa nani kila jioni?" Baba akakukataza. Basi ukawa unabeba debe tupu mpaka mtoni na kurudi nalo tupu, uonekane una kazi. Tulicheka sana jikoni, wewe na mimi. Sasa sioni kilichotuchekesha.

Lakini kula kwa saa ndiko kulikokushinda. Kwetu aliyepika hali kabla wageni hawajashiba, na nyumba ya Baba haikukosa wageni. Siku ile ulijidunga kama kawaida, ukijua chakula kitaliwa mapema. Wale wazee wakakichelewesha kwa maneno yao. Wewe ukawa unapitisha chai. Nilikuona ukitetemeka, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho, nikakuletea kipande cha ule ugali wa unga wa njano kwenye kisahani.

"Weka hapo, Akiru. Wageni kwanza."

Na mkononi ulishika bakuli la sukari. Vijiko viwili tu vingekutosha, Mama. Daktari alikukataza sukari kama sumu, nawe ukatii. Hakuna aliyekuambia kwamba ukitetemeka hivyo baada ya sindano, sukari ndiyo ya kukuokoa. Uliwapelekea wao, nao wakajitilia vijiko vitatu vitatu. Ukarudi jikoni, ukaanguka karibu na meko. Tulipokufikisha hospitali ulikuwa umeshakata roho.

Unajua walisema nini mazishini? Shangazi alisema, "Hii dawa ya sindano ndio imemmaliza." Baba akasimama kukusifu: "Huyu mama hajawahi kula mbele ya mgeni wangu." Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Yaani hiyo ndiyo ilikuwa sifa yako. Nilitamani kumtupia kiatu.

Mwaka huu nimepatikana na ugonjwa, huo huo wako. Nesi niliyempata ni mama mmoja wa Meru, mkali, mwenye mdomo. Ndiye aliyenieleza habari ya sukari na kutetemeka. Nilipoelewa ulivyokufa, nilishindwa kuinuka kwenye benchi. Alidhani naogopa sindano.

Jumapili shemeji zangu walikuja na mama mkwe. Nilikuwa nimeshajidunga. Nikajipakulia mimi kwanza, nikaketi palepale mbele yao, nikala. Mama mkwe akasema bila kuficha, "Huyu hakufunzwa kwao." Mume wangu akaangalia sakafu. Nilimaliza sahani yangu ndipo nikawapakulia.

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikugusa wewe. Nilifunzwa. Ulinifunza vizuri mno, hata tonge lile la kwanza lilikataa kushuka.

Nakuahidi nitaendelea kusemwa. Waniite mlafi, waniite sina adabu, bora binti yangu akitoka shule anikute hai. Na yeye nitamfunza kula akiwa na njaa, mgeni awepo asiwepo.

Pumzika, Mama. Nasikia mbwa wanabweka, kuna watu wanaingia uani. Nimeshajidunga, chakula kiko tayari. Watanikuta nikila.

Mwanao,
Akiru