Vidonge Vitano vya Mama

Tibirinzi, Chake Chake
Jumapili

Wifi yangu mpenzi Khairiya,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakusalimu kwa mapenzi, wewe, Bwana Haroub na watoto. Nategemea nyote hamjambo huko Wingwi. Sisi tu wazima, na safari hii naliandika neno hilo nikilimaanisha.

Mama ametoka hospitali juzi. Leo asubuhi amekula muhogo wa nazi, akaniambia chumvi imepungua. Nilirudi jikoni nikalia kwa furaha. Ahsante kwa maziwa uliyotuletea na kwa dua zako zote.

Zile siku zilikuwa nzito. Mtaa mzima ulizungumza juu ya kirusi cha mafua kisichosikia dawa. Mama alipopata nafuu kisha akazidiwa, watu wakaamini kimeingia kwetu. Jirani yetu Bi Mgeni akawa anatusalimia kutoka barabarani, barakoa usoni. Mama, huku anahema, akamjibu dirishani kwamba kama anaogopa aache bakuli la uji mlangoni aende zake, uji haukohoi. Kesho yake uji ukaja, ukaja kila siku mpaka tulipompeleka hospitali. Namshukuru Bi Mgeni mpaka leo.

Majibu ya sampuli yalipotoka, ilikuwa homa ya mafua ya kawaida, inayosikia dawa. Daktari akauliza basi dawa ilishindwaje. Mama akawahi kujibu kwamba alimeza nusu, nyingine akazitupa kwa sababu ni chungu. Nawe uliposikia hayo ukampigia simu, ukamwita mkaidi, ukasema anafanya mambo ya kitoto na kutusumbua sote. Alikusikiliza mpaka mwisho, simu ikiwa kwenye spika, nami nimekaa ubavuni pake.

Wifi, Mama hakutupa kitu. Siku tulipougua sote wawili nilikwenda kituo cha afya peke yangu, nikapewa vidonge kumi, dozi ya mtu mmoja. Mama alikataa kwenda kupanga foleni, akasema tutagawana kama tunavyogawana kila kitu humu ndani. Nikahesabu vitano vyake, vitano vyangu. Mimi ninayesomesha biolojia, niliyewaambia wanafunzi wiki ileile kwamba dozi haikatwi. Nilijua. Niliona haya kumeza dawa peke yangu mbele yake, na haya ile nikaiita mapenzi.

Amenikataza nisikwambie. Amesema wewe ni binti yake, hasira zako kwake zitapoa, lakini kwangu zingekaa. Sijapata kufanyiwa wema mkubwa kama huu, na kila nikimtazama nashindwa kuubeba.

Nakuomba umpigie leo hii umtake radhi. Kisha nipigie mimi, uniambie yote uliyomwambia yeye siku ile.

Kaka yako Seif anakusalimu. Naye hajui haya. Nitamsomea barua hii kabla sijaifunga. Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Wifi yako,
Shamima