Cherehani Iliyofunga Saumu

Chumba cha Kushonea,
Juu ya Duka la Vitabu.
Ramadhani, kumi la mwisho.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako halikusumbui tena kwenye baridi ya huko. Funga inakwendaje? Mjomba na mapacha hawajambo? Sisi huku tu wazima, na nina shukrani ambayo kwenye simu nilishindwa kuitamka bila kulia.

Unakumbuka Baba alitolewa plasta ya mguu wa kulia mwezi wa Shaabani. Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alimruhusu kufunga, lakini akamwonya kwamba kifundo kile kisipokunjwa kila siku kitakakamaa moja kwa moja. Kwa fundi cherehani hilo tu lingetosha kumkosesha usingizi. Kwa Baba kulikuwa na kubwa zaidi: aliacha kutuswalisha. Alikuwa akiswali peke yake pembeni, kwenye kile kiti cha mbao, na akimaliza anakigeuzia ukutani kama kilichomkosea adabu.

Mazoezi yenyewe yalitushinda. Mimi unanijua, kila jambo nalitaka liwe vita. Nilimpangia matembezi ya jioni. Yeye, kwa ubishi wake, akatoka peke yake jua likiwa la utosi, akarudi ameshikwa mkono na muuza mkaa, midomo imekauka, kichwa kinamzunguka. Mama alimsihi mpaka akafungua. Baada ya hapo akasema hatembei tena hadi Idi, mwezi huu ni wa kupumzika. Nami nilijua kwamba hadi Idi tutakuwa tumechelewa.

Ndipo ukapiga simu. Nilikumwagia hasira zangu zote, ukanisikiliza, kisha ukasema, "Mguu wa fundi mnautafutia barabara ya nini, na cherehani ipo ndani?"

Tuliuvua mkanda wa cherehani. Gurudumu la chini linazunguka, sindano imetulia. Dada wa viungo alikubali, mradi Baba aende polepole na aache akisikia kizunguzungu. Basi kila siku magharibi ikikaribia, futari ikiwa jikoni na maji yakiwa karibu, Baba hukaa akakanyaga taratibu: kisigino, vidole, kisigino. Mimi hutandika mkeka kando yake nikanyoosha mgongo uliochoshwa na kuinamia vitabu.

Siku ya kwanza Mama alichungulia mlangoni akasema, "Leo hata cherehani imefunga. Inahangaika na haijatia kitambaa mdomoni." Baba alicheka mpaka akasahau kukanyaga.

Shangazi, nilikuwa nikiamini kwamba mwili ni wa kukomeshwa ili roho ipate. Sasa namtazama Baba akiubembeleza mguu wake kama anayemlaza mtoto, njaa ikiwa imetushika sote, na naona kwamba upole ule nao ni ibada. Sijawahi kufunga nikiwa na moyo mtulivu kama mwaka huu. Kwa hilo pia nakushukuru.

Jana, baada ya kufungua kwa maji, Baba alipita pembeni mwa kiti chake, akaenda kusimama mbele yetu. Mama alinishika kidole. Kwenye tahiyatu alikawia kidogo, nikasikia pumzi yake ikipanda, kisha akakaa, vidole vya mguu wa kulia vimekunjwa juu ya mkeka. Nakiri sikumbuki nilisoma nini.

Alipotoa salamu hakugeuka upesi. Alijipangusa uso, akasema, "Hicho kiti wekeeni nguo za wateja."

Wifi yako anakusalimu sana, anasema goti nalo lina cherehani yake, uitafute. Msalimie Mjomba, na uwabusu mapacha. Mungu akupe afya na akuzidishie hiyo akili yako ya kuona kilichopo ndani.

Nalazimika kukomea hapa. Baba ameurudisha mkanda, kiti kimeshajaa nguo za Idi, na ananiita nikamtungie uzi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,
Bi Haraka